Daktari wa mbwa wa kazi Malindi na Lamu mnampata wapi? (mbwa wa kufukuza nguruwe na nyani)

Mkorosho_Ganda
Wadau salaam aleikum na habari za saa hizi. Niko huku Ganda nina mbwa watatu, wawili koko wa kawaida na mmoja chotara, babake alikuwa wa Mtaliano mmoja aliyekuwa akikaa Casuarina, ile aina ya mwili mwembamba na miguu mirefu, huyo ndo roho ya shamba lote. Usiku wanapambana na nguruwe kwenye muhogo, mchana nyani na tumbili kwenye mahindi. Sasa huyu chotara ameanza kuharibika, macho yameingia ukungu kama kioo kilichopigwa na mvuke, la kushoto limekuwa la samawati kabisa, amekonda mbavu unazihesabu na chakula anakula, akikimbia kidogo tu analala chini anahema. Nimeenda duka moja la dawa za mifugo jamaa hakuuliza mbwa ana kilo ngapi, hakuuliza ana homa, akanipa tyubu ya macho na vidonge vya minyoo basi. Madaktari ninaowajua ni wa ng'ombe na mbuzi, na zile kliniki za mjini naona zimezoea vimbwa vya kubebwa. Swali langu, nyinyi wenye mbwa wa shamba au wa mbio mnamwendea nani? Na haya macho ni nini?

Fundi_Kakuyuni
Hiyo ni uzee bro. Mbwa wa kizungu huku kwetu hawadumu.

Mkorosho_Ganda
Uzee wapi, hajafika hata miaka minne.

MamaKuku_Gede
Pole kakangu. Wangu mmoja alikuwa hivyo hivyo macho yakafunga, tukasema kapulizwa na swila, yule nyoka wa kutema sumu, kumbe sivyo. Kama angekuwa kapulizwa na swila ungemwona siku hiyohiyo anajikuna macho kwa miguu na machozi yanamwagika, na hapo dawa ni maji mengi safi, unamwagia jicho wazi dakika kumi na tano hata zaidi halafu ndo unatafuta daktari. Huu ukungu wa polepole na kukonda ni ugonjwa wa ndani ya damu. Uko karibu na msitu?

Mkorosho_Ganda
Shamba lenyewe si karibu sana, ila huyu mbwa mimi huenda naye upande wa Arabuko-Sokoke kwa shemeji yangu, kule nyani wamezidi.

Msaidizi_Mifugo
Basi hapo ndo penyewe. Mimi nafanya kazi ya mifugo, si daktari mkuu niseme ukweli mapema, lakini nimewaona wengi. Arabuko-Sokoke ina mbung'o, na mbung'o haumi ng'ombe peke yake. Mbwa akipata nagana, ugonjwa wa vijidudu vya damu unaoletwa na mbung'o, macho ndo huanza kusema, kioo cha jicho kinaingia ukungu wa samawati, uso unaweza kuvimba, tezi za shingoni zinakuwa kubwa, ufizi unapauka, homa inapanda inashuka. Watu wanapaka dawa ya macho wiki baada ya wiki na vijidudu viko kwenye damu vinaogelea. Lakini usikimbilie kusema ni hiyo peke yake kwa sababu kuna homa ya kupe pia, ile ya erlikia inayoletwa na kupe wa kahawia wanaokaa kwenye nyufa za banda, nayo inakondesha, inapausha ufizi, inaweza kuleta damu puani na inagusa macho vilevile. Na kuna babesia, nayo ya kupe, ambayo mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi au mwekundu kabisa, hiyo haingoji, inaua kwa siku chache. Dawa zao si moja. Kwa hivyo unachotaka si mtu wa kukuuzia dawa, unataka mtu mwenye hadubini. Achomwe kidogo ncha ya sikio, tone la damu lipakwe kwenye kigae cha kioo, litazamwe. Ni kazi ya muda mfupi tu. Ukipiga simu kliniki yoyote swali la kwanza uliza hivi, "mnapima damu hapohapo?" wakisema hapana waulize wanapeleka wapi.

MzeeLangobaya
Swali zuri hilo. Mimi naongeza la pili, uliza "ushawahi kushona mbwa aliyepasuliwa na nguruwe?" Utajua mwenyewe kwa jinsi anavyojibu.

Pwani_Racer
Mimi mbwa wangu si wa shamba ni wa mbio tu, tunakimbia ufukweni asubuhi. Shida yangu huwa ni joto na nyayo. Hawa wa kukimbia musiwatoe saa nne za asubuhi kwenye kaskazi, Januari mpaka Machi huku jua si mchezo na hewa nzito, mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni 38 mpaka 39 na kidogo, akifika 41 ubongo unaanza kupikika. Utamwona ulimi umetoka mrefu mwekundu sana, mate mazito, anayumba. Kivulini haraka, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima hasa tumbo na mapajani, mpepee, halafu daktari hata kama ameamka na kutikisa mkia, maana figo zinaweza kugoma kesho yake. Kununua kipima joto cha duka la dawa ni pesa kidogo sana, kinaingia nyuma sio mdomoni tafadhalini.

Fundi_Kakuyuni
😂😂 sasa nani atamshika

Pwani_Racer
Unamfunga mdomo kwa kipande cha leso. Isipokuwa anayehema kwa joto au anayetapika, huyo ukimfunga mdomo umemuua.

Mjuba_Marafa
Nyinyi mnazungumza mbwa wa kuwinda au wa kufukuza? Manake nauliza kabla watu wa KWS, shirika la wanyamapori, hawajaingia uzi huu.

MzeeLangobaya
Hatuwindi mwanangu, tunafukuza. Uwindaji ulifungwa nchi hii tangu 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 imekaza zaidi, ukikutwa na nyama ya paa hata kama mbwa ndiye aliyemkamata ni wewe unayejibu. Wazee wetu waliwinda na mbwa ndio, lakini hiyo ishapita. Mbwa akae ndani ya mipaka ya shamba, nguruwe akitoka nje ya ua mwache aende. Na jambo moja, mbwa akijeruhiwa usimfiche daktari ukasema kagongwa na boda. Jeraha la pembe la nguruwe na la boda hayatibiwi sawa.

Msaidizi_Mifugo
Mzee umesema. Niruhusuni nirefushe hapa kwa sababu hili ndilo linaloua mbwa wengi wa kazi kuliko hata magonjwa. Jino la nguruwe linaingia tundu dogo kwa nje, ukitazama unasema ah mchubuko tu, lakini ndani limechana misuli na kuacha mfuko mzima wenye uchafu, nywele na udongo. Siku ya tatu mbwa amevimba ananuka. Kwa hivyo tundu dogo lenye kina ni la daktari, hata likionekana zuri, na usilishone wewe wala usilizibe kwa majivu, usaha unahitaji njia ya kutokea. La kufanya shambani ni kuosha, maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko kidogo cha chumvi kisichojaa, unamwagia kwa sindano isiyo na ncha mpaka maji yatoke safi. Spiriti na dawa za choo weka mbali, zinaunguza nyama hai. Damu inatoka kwa nguvu, kunja leso ugandamize na usifunuefunue kutazama. Kama ni kifuani na unasikia hewa inavuta, ziba kwa plastiki safi ukimbie. Utumbo ukitoka, usiurudishe ndani, lowesha kitambaa safi kwa yale maji ya chumvi ufunike, funga leso kiunoni asiramberambe, twende.

Halafu jambo la ufizi. Fungua mdomo bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Rangi ya waridi irudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Ikichelewa au ufizi ni mweupe, hiyo safari ni ya sasa hivi, hata usiku.

MamaKuku_Gede
Na Brufen mweleze Msaidizi, huku kila nyumba mbwa akichechemea anapewa Brufen ya mtoto.

Msaidizi_Mifugo
Ahsante dadangu. Brufen, diklofenaki, hizo zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Panadol nayo si ya kugawa ovyo. Kuna dawa za maumivu za mbwa zake, daktari anazo. Na oil chafu ya gari kwa upele, acheni hiyo, mbwa anairamba yote.

TuktukBoy_Malindi
Mimi upande wangu niseme, boda wengi watakataa mbwa na wengine tuktuk pia, si roho mbaya, ni damu kwenye kiti na abiria wa pili analalamika. Ukija na gunia safi la kutandika, mbwa amefungwa mdomo, na mtu wa kumshika nyuma, mimi nabeba. Mtafute dereva wako mapema umweke kwenye simu kabisa, sio saa tisa ya usiku ndo unasimamisha watu barabarani na mbwa anatoka matumbo.

Kaka_Hindi_Lamu
Hapo Malindi bado mko pazuri. Sisi huku Hindi tuko bara ya Lamu, na mkisikia Lamu mnafikiria mji wa kale na punda. Kweli punda wana mahali pao, ile Donkey Sanctuary iko kisiwani tangu 1987, punda wa Lamu akiumwa ana pa kwenda, lakini mbwa wa shamba wa Hindi na Mpeketoni anamngoja afisa wa mifugo wa kaunti aje kwenye ng'ombe. Na mbung'o tunao, nyani tunao, nguruwe tunao mpaka wa kugawa.

Dada_Mpeketoni
Tena hapo hujataja kiboko wa Ziwa Kenyatta.

Kaka_Hindi_Lamu
Kiboko mbwa wangu humbwekea akiwa mbali sana dada, ana akili zake 😅

Nilichofanya mimi ni kuacha kumwita daktari kwa mbwa mmoja. Gharama kubwa si dawa ni mafuta ya pikipiki yake kuja na kurudi. Tuliongea majirani, kila mwenye mbwa, na wenye mbuzi pia, tukampa siku moja, anakuja chini ya mkwaju tumejipanga, anachanja, anatazama meno, anapima, anatibu kidonda cha huyu na kucha ya yule, mafuta tunachanga. Na faida nyingine ambayo sikuitegemea, sasa mbwa wetu wanamjua daktari, na yeye anamjua kila mbwa kwa jina. Nikipiga simu nikisema "Simba kaumia paja" haniambii atakuja kesho, ananiambia fanya hivi na hivi mpaka nifike.

Ustadh_Faza
Asalaam aleikum. Mimi niko Faza na sina mbwa, ila nimesoma uzi wote manake ndugu yangu ana shamba upande wa Witu. Watu wa kwetu wengi wanaona haya kumpeleka mbwa kwa daktari, wanasema mbwa ni najisi. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na Suratul Maida aya ya 4 inataja wanyama waliofunzwa kuwinda. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate yake yakikugusa unaosha mara saba moja kwa udongo, imekwisha. Na aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake hadithi yake mnaijua. Kwa hivyo daktari wa Kiislamu akivaa glavu na akataka maji na udongo baadaye, mwekeeni tayari kwa heshima, wala msimwone anawadharau mbwa wenu. Mtafanya naye kazi miaka.

Na la mbu mmesahau. Kisiwa hiki cha Pate kina mnyoo wake mwembamba wa kwenye tezi za mbwa na paka, unaoenezwa na mbu, Brugia patei, ulielezwa na wataalamu mwaka 1958 kutokea hapahapa kwetu. Ukimleta mbwa kutoka visiwani mwambie daktari katoka wapi.

Msaidizi_Mifugo
Mashaallah Ustadh, hilo wengi hawalijui. Ndiyo, historia ya safari za mbwa ni nusu ya uchunguzi. Msitu gani, kisiwa gani, amekula mzoga gani.

Mkorosho_Ganda
Wakuu nimerudi. Tulimpeleka mjini kwa daktari mmoja ambaye nilimpata kwa kuuliza lile swali la hadubini, wa kwanza niliyempigia alisema "tutampa sindano tu" nikakata simu kwa adabu. Huyu akachukua damu ya sikio, akaniita nitazame mwenyewe. Wallahi nimeona, kati ya chembe za damu kuna vitu vinajipinda vinasukuma chembe kando, hutazami mara mbili. Nagana. Na kupe pia akamkuta nao lakini homa ya kupe haikuonekana siku hiyo. Kampima uzito kwanza ndo akapiga sindano, akasema turudi kupima tena damu kwa sababu aina nyingine hujificha kwenye ubongo na kurudi baadaye. Macho anasema yanaweza kusafika yote au kubaki na kovu, tusubiri.

Fundi_Kakuyuni
Sindano gani? Niambie jina ninunue, wangu naye amekonda.

Msaidizi_Mifugo
Fundi, hapana. Nitakueleza kwa nini. Ile dawa ya nagana ya unga inayouzwa kwa ng'ombe, mfuko wa gramu 2.36 unachanganywa na maji mililita 15 na unatosha ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wako ana kilo kumi na kitu. Hapo mkono ukiteleza kidogo umempa mara mbili au tatu, na kwa mbwa dawa hii ina nafasi finyu sana kati ya kutibu na kudhuru, ikizidi inashambulia ubongo, mbwa anazunguka, anaanguka, anakufa, na wewe unasema ugonjwa ulikuwa mkali. Tena hujui kama ana nagana. Pima kwanza. Uzito nao si wa kukisia, panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa.

Fundi_Kakuyuni
Sawa mkubwa, nimekuelewa. Na huyu dume langu linatoka matone ya damu kule mbele, lakini anakula vizuri?

Msaidizi_Mifugo
Kuna uvimbe unaoambukizwa mbwa wakipandana, na unatibika vizuri kwa sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa. Mfungie, asizunguke kwa majike ya watu, na apelekwe.

Mjuba_Marafa
Na hawa wauza dawa tutajuaje nani ni daktari nani ni mwenye duka? Wote wana koti jeupe siku hizi.

MzeeLangobaya
Muulize namba yake ya usajili. Kuna bodi ya madaktari wa mifugo, Kenya Veterinary Board, sheria yake ni ya 2011, na kila daktari na kila msaidizi lazima awe amesajiliwa. Wa kweli hakasiriki ukimwuliza, ana cheti ukutani. Anayekasirika, ondoka.

Msaidizi_Mifugo
Nami niseme dhidi ya nafsi yangu, msaidizi kama mimi sifungui tumbo la mbwa. Upasuaji ni wa daktari. Kuchanja, vidonda vidogo, kufuatilia matibabu, sisi tupo na tuko karibu nanyi zaidi. Mwenye mbwa wa kazi anahitaji wote wawili, mmoja wa kijijini na mmoja wa kisu mjini.

Dada_Mpeketoni
Chanjo ya kichaa jamani, hakuna aliyeitaja mpaka sasa na ndo kubwa. Mbwa hawa wanaumana na mbweha, na nyani, na mbwa wasiojulikana wa msituni.

Msaidizi_Mifugo
Kweli dada na nilikuwa nakuja hapo. Kuanzia miezi mitatu, halafu kila mwaka, na kadi itunzwe. Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna kurudi, kwa mbwa wala kwa mtu, na karibu visa vyote vya watu vinatoka kwa mbwa. Serikali ina mpango wa kukimaliza ifikapo 2030, kwa hivyo kaunti ikitangaza kampeni toeni mbwa wote, hata yule mkali wa jirani. Ukinunua chanjo mwenyewe angalia friji, inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, na huku stima inapotea usiku mzima, uliza kama wana jenereta au sola. Safari ya kutoka mjini mpaka Marafa ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, sio mfuko wa shati. Na mtu akiumwa, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo. Sio pilipili, sio mafuta ya taa. Mbwa mzima aliyemuuma asiuawe papo hapo, afungwe atazamwe siku 10.

TuktukBoy_Malindi
Na nyoka? Moma wamejaa kwenye magunia ya korosho.

MamaKuku_Gede
Moma akimuuma mbwa anavimba uso au mguu haraka, usichanje wembe, usifunge kamba, mbebe asitembee. Kwa mambo ya nyoka wanaojua kabisa ni wale wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu, hata kumtambua nyoka kwa picha. Kupiga nyoka rungu kwanza ndo upige picha ndiko kunakoumiza watu.

Mkorosho_Ganda
Sasa nimechukua wazo la Kaka wa Hindi. Huyu daktari nimemwuliza kama akipata mbwa ishirini mahali pamoja atakuja Ganda, amekubali, anataka Jumamosi asubuhi kabla jua halijakaza. Chanjo analeta yeye kwenye kisanduku cha barafu. Sisi tulete mbwa waliofungwa kamba, sio wa kushikwa masikio, maji ya kutosha, sabuni, na Ustadh kaniambia udongo safi kwenye karai nao uwepo. Majike yenye joto yabaki nyumbani hayo yataitwa peke yake. Kakuyuni na Jilore pia mnakaribishwa. Nani ana mizani ile kubwa ya kupimia korosho?

Fundi_Kakuyuni
Mimi ninayo, ila ina kutu kidogo. Nakuja na mbwa wanne, mmoja anauma.

Mkorosho_Ganda
Huyo anayeuma awe wa mwisho kwenye foleni bro. Na namba ya daktari msiweke hapa hadharani, nitumieni ujumbe wa faragha nitawapa.